Kichaka cha Visiwani Kilichochanua Jabe

Jabe, Bujumbura
8 Mei 2024

Mpendwa Shangazi Khadidja,

Nakusihi, haya yaishie kwako na kwa mumeo, Baba Huseni. Hata Karimu anayekuletea barua hii hajui kilichomo. Ukimaliza kusoma, ichome.

Asalaam aleikum. Hamjambo huko Moroni? Goti lako limepata nafuu? Sisi wazima, alhamdulillahi, ingawa mimi silali vizuri.

Unakumbuka picha uliyonitumia, ya kichaka chenye maua mekundu yanayoinama, ukasema hakioti porini popote isipokuwa kwenye visiwa vyenu vichache? Msafiri mmoja alikamatwa nacho uwanja wa ndege, kimepandwa ndani ya ndoo, bila kibali. Mkuu wetu wa ukaguzi wa mimea, Bwana Léonce, aliniamuru mimi karani wake nikichome. Sikuweza. Nilikileta nyumbani, nikakificha nyuma ya pipa la maji mpaka nipate njia ya kukirudisha kwenu.

Kisha kikachanua. Wajua hapa kwetu jirani akiozesha binti, ua wa kila mtu ni wake. Wanawake walikuja kuazima masufuria, wakayaona maua. Niliporudi kutoka kazini, matawi yalikuwa yamekatwa, maua yapo kichwani mwa bibi harusi Soumaya.

"Mama, umefanya nini?" nilimuuliza.

"We mutoto! Mutu anaomba maua ya bibi harusi, mi nimwambie apana? Watasema niko na roho gani?"

Soumaya humshonea nguo Adélaïde, mke wa Bwana Léonce, na mama huyo alialikwa harusini. Jumatatu Bwana Léonce alisimama mezani kwangu akitabasamu. "Hamimu, Adélaïde anataka maua kama ile ya Jabe. Ilitoka wapi, mon petit, mtoto wangu?"

Nilisema sijui. Tangu hapo pikipiki ikisimama nje, nakimbilia dirishani. Wakija kukitafuta mchana, nikiwa kazini, watamkuta Mama peke yake.

Baba Huseni ni mlinzi wa misitu. Amwombe mkubwa wake aiandikie ofisi yetu, kichaka kirudishwe kwenu. Hapo hakitachomwa. Mimi nikifukuzwa, basi.

Wasalimie Moubarak na bibi Amina. Mungu awafunike kwa rehema zake.

Wako akupendaye,
Hamimu

Usinipigie simu ofisini. Mpigie Sikuzani, muuza vitenge wa sokoni. Karimu atakupa namba. Mkuu wa Baba Huseni akikubali, mwambie Sikuzani tu kwamba nisubiri. Nisiposikia kitu hadi Ijumaa ya mwisho wa mwezi, nitakipeleka mwenyewe kwa Bwana Léonce, kabla hawajamfikia Mama. Baada ya hapo piga nyumbani mchana. Nikipokea mimi, ujue wamenifukuza kazi tu; nisipopokea, Mama atakuambia wameniweka wapi.