Mkono wa Dell Kwenye Kioo

Moab, Utah

Wifi yangu Coralie,

Sisi wazima. Vumbi jekundu la makorongoni limeingia mpaka kwenye sufuria ya maharage, na kaka yako Dell bado analalamikia chumvi.

Jana, tulipofika kambini, nilikuwa narudisha nyuma hili gari-nyumba letu. Dell alisimama nyuma kunielekeza kwa mikono, kama siku zote. "Njoo, mama, njoo! Mwamba haukuli!" Kisha akanyamaza. Nikatazama kwenye kioo: alikuwa akinipungia kwaheri, kwa adabu, kama anavyowaaga majirani wa kambi wanaoondoka.

Nikashuka.

"Safari njema, dada," akaniambia. "Ukimwona mke wangu huko njiani, mwambie namngoja hapa."

Nikatoa viti vyetu viwili, tukakaa kumngoja.

Wifi yako,
Verna