Mioyo Mpakani

Jumapili, 1 Juni 2025

Maua yangu yamechanua! Mioyo midogo ya pinki imening'inia kwenye kijiti kama nguo za kichanga kwenye kamba, kila mmoja na tone jeupe chini. Marangu nzima nani anayo? Mimi tu! Mizizi nilipewa na mgeni wangu, bibi wa Kijerumani niliyemshusha mlima mgongoni — basi, karibu mgongoni. Niliishia darasa la saba, lakini mwongoza watalii mimi, nasalimia kwa lugha sita.

Mama bado kanuna. Eti kwa nini niling'oa masale ya mpakani ili kupanda haya. Masale yenyewe majani matupu, hata ua hayana! Anasema mpaka uko uchi. Ang'oaye isale kamwambia jirani hataki amani. Nikacheka. Jirani ni Eliufoo, mtoto wa baba mkubwa!

Jumatano, 11 Juni

Mabinti wa kwaya wamekuja kupiga selfi. Kaka Eliufoo akapita. Nikamtania: chukua moyo mmoja umpelekee shemeji! Hakucheka. Akauliza masale waliyopanda baba zetu yako wapi. Nikamjibu: kwenye samadi.

Lilinitoka tu.

Alhamisi, 12 Juni

Ng'ombe wa Eliufoo anatetemeka. Povu mdomoni. Na ana mimba kubwa, maskini! Jana jioni shemeji Kindness alikata majani ya ng'ombe mpakani, akayafunga pamoja na maua yangu. Masale yangekuwepo asingevuka.

Yule bibi aliniambia — mifugo wasiyale maua haya. Nilidhani Wazungu wanaogopa kila kitu. Sikumwambia mtu.

Daktari wa mifugo kauliza, kala nini? Eliufoo akanitazama. Nikasema sijui.

Mimi! Sijui!

Ijumaa, 13 Juni

Hasimami tena. Shemeji analia kizizini. Eliufoo kawaambia watu niling'oa amani kwanza, ndipo nikapanda sumu.

Mama kasema: mpelekee isale, ukiri. Anayeletewa isale hakatai kusamehe. Isale lipi, Mama? Yote yameozea kwenye samadi. Akaniwekea kisu mezani, akageuza uso.

Limebaki moja. Kichwani pa kaburi la Baba. La kaburini halikatwi — hata mimi, msema ovyo, najua.

Naandika nimekaa hapa chini yake, kisu pajani. Ng'ambo Eliufoo ananoa panga. La kumchinjia ng'ombe, najiambia. La ng'ombe tu. Lugha sita, na neno moja sina.

Kunoa kumekoma. Nasikia majani ya migomba ya mpakani yanasogezwa; anakuja huku.