Senti ya Merle Isiyo na Herufi

S.L.P. 418,
Pueblo, Colorado.
9 Machi 1987

Mpendwa mpwa wangu Stanko,

Pokea salamu tele kutoka nyumbani. Hujambo na baridi ya Alaska? Mkeo Lucille hajambo? Sisi wazima, isipokuwa goti langu, lile lililoangukiwa na boriti ya tani mbili, boriti ikapinda. Mama yako ameoka mikate mitatu ya potica, mmoja nimeumaliza kabla haujapoa.

Sasa nisikilize. Dada ameniambia umekubaliana kwa simu na Merle Hutchins: umpe kodiani ya babu, akupe senti ya 1922 isiyo na herufi D. Jumamosi anakuja kwangu kuichukua kodiani. Merle anakaa mitaa mitatu kutoka hapa, lakini anapiga simu mpaka Fairbanks asipite mlangoni kwangu. Kwa nini?

Mimi shule niliiacha darasa la nane, ila chuma nimekisugua miaka ishirini na sita. Mwaka ule senti zilipigwa Denver peke yake, na zote zilipaswa kuwa na D chini ya mwaka. Muhuri wa chuma ukipiga senti maelfu kwa maelfu huchoka, mafundi wakausugua ung'ae, na kile kiherufi kifupi kikafutika. Senti za hivyo zipo kweli, na watu huzililia.

Lakini kuchoka hakuchagui, Stanko. Muhuri uliopoteza D umepoteza na mengine: maandishi ya juu yamevimba, sura ya Lincoln imefifia kama ameoga maji ya moto. Nyuma ndiko kuzima, maana ile yenye thamani muhuri wake wa nyuma ulikuwa mpya, masuke ya ngano unaweza kuyahesabu.

Basi Alhamisi nikamfuata kwenye chama cha wakusanya sarafu. Senti ameibana ndani ya karatasi ngumu yenye kidirisha, hataki kuitoa. Nikatazama kwa lenzi. Mbele kuzima kama bwana harusi, nyuma kumelika. Na pale pa D pana mikwaruzo miwili, shaba yake nyekundu kuliko jirani zake.

Nikamwambia, "Merle, mashine gani hii inakula herufi moja na kuwaachia wenzake afya?"

"Macho yako yamezeeka, Rudy."

"Yamezeeka yakikutazama wewe. Tuipeleke kwa wapimaji, gharama juu yangu."

Akafunga mkoba, akaniachia kahawa yake ikifuka moshi. Kama ameikwaruza yeye au ameuziwa hivyo, sijui. Ila mikwaruzo aliiona kabla yangu, hilo naapa.

Babu alikuachia kodiani wewe, si mimi, kwa hiyo neno ni lako. Mpigie kabla ya Jumamosi, umwambie hapana kwa mdomo wako. Usipompigia, nitakaa mlangoni nimeipakata. Unajua sijui kupiga hata wimbo mmoja. Nitampigia huohuo mpaka aondoke.

Msalimie Lucille na Teddy mdogo. Shangazi yako Pavla anakusalimu, na mama anasema uvae soksi mbili. Mungu akulinde na barafu na wenye maneno matamu.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye bila kuchoka,
Rudy Zupan