Mayi Hakuingia Chumbani

Jumatatu, 9 Machi 2009. Kitale.

Siku ya kumi na moja kitandani. Uji saa moja, dawa saa mbili, halafu ukuta mchana kutwa. Mimba ina wiki ishirini na sita. Daktari ameniruhusu kusimama kwenda msalani tu. Mbili za kwanza zilitoka. Hii naogopa hata kukohoa.

Mume wangu Wafula amerudi Tongaren alfajiri. Anafundisha huko, hurudi Ijumaa. Ameniachia mama yake, Mayi, aliyetoka Kabuchai kuja kunitunza. Nashukuru. Pia namwogopa. Haingii chumbani. Kwa Wabukusu mzazi hakanyagi chumba cha mwanawe aliyeoa. Anaweka chakula juu ya kigoda pale mlangoni, anageuza uso, anakisukuma ndani kwa mti wa ufagio. Mama yangu angekuwa hai angeketi hapa kitandani.

Jumatano, 11 Machi.

Kimya cha nyumba hii kitaniua.

Krismasi ndugu yangu Kamau alituma vifaa viwili kutoka Doha. Kimoja ni sanduku dogo lenye diski, la kuhifadhia nyimbo. Kingine ni redio isiyo na kaseti wala sidii. Inavuta nyimbo kutoka kwa lile sanduku kupitia rauta, kile kifaa cha mtandao wa nyumba, bila waya. Mimi ni mwalimu wa muziki. Kabla sijalazwa hapa nilikuwa nimeshaingiza sidii za kabati zima. Sanduku na rauta viko sebuleni, redio iko kando ya kitanda.

Leo nimeiwasha. Imeandika: hakuna muziki. Nikafungua kompyuta juu ya mto. Rauta naiona. Sanduku silioni. Hatua kumi kutoka hapa, na siruhusiwi kwenda kulitazama.

Nimelia. Haikuwa redio niliyoililia.

Alhamisi, 12 Machi.

Nimemwomba Mayi. Nilidhani atakataa, maana hajawahi kugusa kompyuta. Ameenda sebuleni, tukasemezana kupitia ukuta. Nikamwambia ahesabu taa za sanduku.

"Ziko tatu. Mbili zinawaka. Hii ya tatu imerara."

Imelala. Ya tatu ni ya waya unaotoka kwa rauta. Nilimwambia ausukume. Badala yake akaufuata kwa mkono hadi nyuma ya kabati, akaniambia panya wameutafuna. Mwenyewe nisingewaza. Waya mwingine ulikuwa juu ya kabati la vyombo. Nikasikia kiti kikiburutwa. Mama wa miaka sitini na nne, juu ya kiti, kwa ajili ya redio yangu. Nikamsihi ashuke. Nikasikia waya ukivutwa.

Taa ikawaka. Akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka.

Sasa kompyuta inaliona sanduku. Redio bado.

Ijumaa, 13 Machi.

Wafula hatakuja. Barabara imekatika kwa mvua, labda Jumapili.

Nimepata kosa, na kosa ni langu. Nilipoingiza nyimbo nilizifungia kwa jina langu na neno la siri. Redio ikifika mlangoni inaulizwa jina, haina. Nimelegeza kufuli, kila kifaa cha nyumba hii kiingie. Saa kumi kasorobo kwaya ikaanza kuimba hapa kando ya sikio langu.

Mayi akaleta kiti chake, akaketi mlangoni, mgongo kwangu, anachambua maharagwe. Akaniambia kabla ya Wafula alizika watoto wawili. Hajawahi kumwambia mwanawe. Alisema polepole, kama mtu anayetafuta kitu gizani kwa mkono. Nikamwambia asante. Akaendelea na maharagwe.

Jumatatu, 16 Machi. Hospitalini.

Niandike ilivyokuwa.

Jumamosi asubuhi stima ilipotea, ikarudi. Redio ikanyamaza. Nilielewa upesi: kila ikiwashwa, rauta hugawa namba upya. Sanduku lilikuwa limepewa namba nyingine, redio bado inalitafuta kwa ile ya zamani. Dawa ni kulipatia sanduku namba moja ya kudumu. Kazi ya dakika tano. Lakini kompyuta ilikuwa imeisha chaji na waya wake uko mezani, ng'ambo ya chumba. Mayi alikuwa nje anaanika nguo. Ningemngoja. Sikumngoja.

Hatua nne. Nikaona damu.

Nilipiga kelele. Nikasikia karai likianguka, kisha miguu yake, mbio. Mlangoni hakusimama.

Aliingia. Akanilaza, akaniinua miguu juu ya mito, akanishika mkono. "Usiongee. Niko hapa."

Jirani akatuleta kwa pikapu yake, polepole kwa kila shimo. Njia nzima kichwa changu kilikuwa mapajani mwa Mayi. Aliomba kwa Kibukusu. Sikuelewa maneno.

Moyo wa mtoto unapiga. Nimeusikia kwenye mashine. Sijasomea muziki bure, najua mdundo ulio sawa.

Wafula alifika jana, matope hadi magotini. Mayi alimweleza mwenyewe kwamba aliingia chumbani mwake. Wafula akainama.

"Mira na desturi ni zetu sisi wazee," Mayi akamwambia. "Nitajibu mimi."

Ni ujinga wangu uliotufikisha hapa. Ni yeye aliyetutoa.

Jumapili, 22 Machi. Kitale.

Nyumbani. Wafula ameweka ile namba ya kudumu, mimi nikimwelekeza. Stima imepotea mara mbili leo, mara mbili nyimbo zimerudi zenyewe.

Mayi anaingia sasa. Anakohoa kwanza. Anakaa ukingoni mwa kitanda, ananikanda miguu.

Ijumaa, 29 Mei.

Msichana. Jana, saa tisa mchana. Ana sauti.

Jumamosi, 27 Juni. Kabuchai.

Tumemleta mtoto kwao. Sikuwa nimeliona shamba la Mayi mwaka huu. Mahindi ya majirani yamenipita kichwa, yanatoa mbelewele. Ya kwake yanafika magotini. Machi, watu wakipanda, alikuwa kwangu. Hakuwahi kulitaja.

Nimeomba jembe. Amekataa, amenionyesha kivuli cha kukaa. Wafula na mama yake wanapalilia. Mtoto ananyonya. Udongo umelowa kidogo tangu asubuhi.