Uzi Ulionipa wa Kushonea Tanga

Kaka yangu Ouma,

Mwenye nyumba wako huko Kibera alinipigia akitaka vitu vyako viondoke kabla ya mwezi kuisha, eti kuna mpangaji anangoja. Basi jana nilifunga kibanda changu cha kushonea pale soko la Toi mapema, nikaenda. Vitu vyako havikujaza hata mkokoteni mmoja. Wewe uliyekuwa ukinigombeza kwamba chumba changu cha Kawangware ni ghala la takataka, kumbe wewe hukuweka kitu, isipokuwa lile tanga.

Nakuandikia kwa sababu ya tanga. Tangu tukuzike nyumbani nimezungumza nawe kimoyomoyo kuhusu kila kitu, lakini hilo nimelikwepa.

Unakumbuka ulivyoniletea? Ulikuwa bado kule ziwani Naivasha, unatunza mashua ya yule tajiri, ile mashua ndogo ya tanga uliyoiita "yoti yangu" kana kwamba ulikuwa na hati zake. Tanga lilikuwa limechanika. Ukalitua mezani pangu, juu ya sare za wanafunzi nilizokuwa nashona, ukaweka na rola ya uzi mnene wa nailoni.

"Sistee, tumia huu uzi. Si mwingine. Maji haina huruma."

"Sasa wewe ndio unanifunza kushona?"

Ukacheka, ukaenda zako. Uzi ule ulinivunjia sindano mbili. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na akina mama walikuwa wamenisimamia mlangoni wakitaka sare zao. Nikautoa uzi wako, nikaweka wangu mweupe wa kushonea mashati, nikapitisha mshono mara mbili na kujidanganya kwamba inatosha. Rola yako nikaitupa ndani ya mkebe wa vifungo.

Uliporudi uliniuliza jambo moja tu. "Umetumia ule uzi nilikupea?"

"Eeh, nimetumia."

Hukulikunjua hata ulitazame. Ulisema mimi ni noma, fundi asiye na mfano, ukalibeba begani, na Jumapili iliyofuata ukanialika nije nione kazi ya mikono yangu ikipepea.

Na ilipepea, kaka. Sitasema uongo juu ya hilo pia. Ulinipa usukani, ukanicheka nilivyoukamata kwa mikono miwili kama mtu anayeshika jogoo wa kuchinja. Sikuwa nimekuona na furaha kiasi hicho tangu utotoni, tulipokuwa tukiogelea kwetu huku mama akitupigia kelele kutoka ufuoni. Ulisema ukiwa majini hakuna mtu anayekuita kijana wa kazi.

Wingu lilitokea nyuma ya milima baada ya saa nane. Nilikuonyesha, ukasema liko mbali. Muda si muda upepo ukageuka, maji yakawa meusi, na radi ikapiga karibu kiasi kwamba niliisikia kwenye meno. Ulilipunguza tanga hadi nusu. Mashua haikuwa na injini.

"Usishike chuma! Nishike mimi!" ulipiga kelele. "Hii nusu inatufikisha. Tulia!"

Haikutufikisha. Niliusikia mshono ukiachia kutoka chini kwenda juu. Sauti ile naijua, ni ya kitambaa kinachoraruliwa, naisikia kila siku kazini. Tanga likagawanyika vipande viwili na sisi tukabaki kuchukuliwa na mawimbi. Ulinilaza chini ukanifunika kwa mwili wako. Kila umeme ulipomulika niliuona uso wako, nikaomba tufe kabla hujajua. Ndiyo dua niliyoiomba. Nilimwomba Mungu atuue sote ili nisiumbuke.

Hakunisikiliza. Mashua ilibamizwa kwenye mawe ya ufuoni, ikatoboka ubavu, tukatoka tukitambaa. Kesho yake tajiri alisimama mbele yetu akauliza ni nani aliyeshona tanga. Nilifungua mdomo. Nakuapia nilifungua. Wewe ukawahi.

"Mshono ulikuwa poa. Ni mimi nilichelewa kuteremsha."

Akakufukuza kazi palepale, akakwambia uondoke na hilo tanga lako la matambara. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye niliyekataa kusikia, guu likavunjika lako.

Ukaja Kibera, ukaingia mjengo, ukabeba saruji na mawe, mtu aliyezaliwa kusoma upepo. Kifua kikaanza, hicho hicho kilichokuchukua mwishowe. Sikuwahi kukusikia ukilitaja ziwa tena. Tanga ukalitundika chini ya mabati liwe dari, na kwa miaka yote hiyo kila nilipokuja kukuona ulinikalisha chini yake. Nilikuwa nachagua kiti cha mlangoni ili nisiinue macho. Wewe ulinigombeza kwa mengine yote: sukari nyingi, simu ya bei, mwanamume niliyempenda, mwanamume niliyemwacha. Mimi nilikunywa chai nikishukuru kwamba hujui.

Jana nikalishusha. Nikalitandaza kitandani pako nikautafuta mshono wangu, nikaukosa. Uzi wangu wa mashati ulikuwa umetolewa wote, tundu kwa tundu, na mahali pake kuna uzi wa kijani wa kufumia nyavu, umeshonwa kwa mkono, kwa yale mafundo aliyotufunza baba. Vumbi lililokuwa juu ya uzi huo lilikuwa nene sawa na la kwingine kote. Kwa hiyo ulishona kabla ya kulitundika. Ulijua tangu mwanzo. Ulijua ukinimiminia chai, ulijua ukiniita noma mbele ya majirani.

Kwa nini hukunigombeza, Ouma? Ulikuwa na maneno ya kila kitu. Ungenitukana mara moja tu, nami ningelia, tungemaliza. Sasa nina hasira nawe, na sina wa kumwonyesha. Nimekukosea mara mbili, kwa uzi na kwa kimya, nawe umekwenda na msamaha wako mfukoni bila kunipa niuguse.

Uzi wa nyavu ulikuishia. Mwishoni mwa mshono palibaki wazi, kiasi cha shubiri moja. Leo mchana, hapa chumbani kwangu Kawangware, mvua ikianza kupiga mabati, nimefungua mkebe wa vifungo. Rola yako bado imo. Sikuwahi kuitumia wala kuitupa. Sikugusa cherehani. Nimekaa sakafuni na sindano ya magunia, nikashona ile shubiri kwa mkono, polepole, hadi vidole vikatoka damu kidogo.

Nimetumia ule uzi, kaka. Safari hii ni kweli.

Dada yako mdogo,
fundi wa sare