Mbio Zangu na Radhi za Mama Mdogo

Bi Mwanakheir, shikamoo. Nakuandikia kwa kuwa sina mwengine wa kumwambia, mimi ni kijana wa miaka ishirini na tatu, naishi Kikwajuni, nilizaliwa na virusi vya Ukimwi, wazazi wangu walifariki nikiwa mdogo nikalelewa na mama mdogo, nitamwita Bi Saadiya, ambaye amenitunza na kunitunzia siri hii mpaka leo hakuna jirani anayejua. Dawa nameza kila siku na virusi vimefifia hadi kipimo hakivioni, lakini mwaka huu daktari wa kliniki aliniambia presha imepanda na mafuta yamezidi kwenye damu, nisipofanya mazoezi moyo utanisumbua mapema, basi nikajiunga na kikundi kinachokimbia asubuhi barabara ya Bububu, na mama mdogo nikamwambia nikishasali Alfajiri nabaki msikitini kwenye darsa. Nimepungua kilo sita, presha imeshuka, nafsi yangu ina raha, lakini wiki iliyopita jirani alimuuliza, "Bi Saadiya, mbona kijana wako anakonda hivyo, ana nini?" akanibana mpaka nikakiri mbio, na tangu hapo nyumbani hakukaliki, ananiwekea chapati nne za samli na kunisimamia mpaka nimalize, na juzi kaniambia, "Miaka yote nnakulisha unenepe watu wasiseme, leo unataka kuniumbua kwa mbio? Ukikimbia tena, radhi zangu huna." Huyu ndiye mama niliye naye, nikimtii moyo wangu utaharibika, nikiendelea nitaishi bila radhi, nifanye nini?

Mkimbiaji, Kikwajuni

Marahaba, mwanangu. Ngoja kwanza nikugombeze, nisije nikasahau kwa huruma. Uliutumia msikiti kufichia mbio! Hukuwa na la aibu, ila ulilifanya kama mwizi, ndiyo maana mama yako alipoulizwa hakuwa na jibu. Ungemwambia mapema, angemjibu jirani, "Anafanya mazoezi," yakaisha. Vikundi vya mbio vimejaa mjini humu, nani ana muda wa kumchunguza mmoja?

Bi Saadiya namwelewa. Alikulea enzi ambazo mwembamba alinyooshewa kidole, akaona unene ndio stara yako. Enzi hizo zinapita, samli imebaki. Kijana anayemeza dawa vizuri kama wewe anatakiwa auangalie sana moyo, kwani virusi hata vikitulizwa huongeza hatari ya maradhi ya moyo. Kwa hiyo mbio usiache.

Ila usibishane naye. Siku yako ya kliniki nenda naye, akae mbele ya daktari, asikie kwa masikio yake presha ilivyokuwa na ilivyo sasa. Akisema daktari, hataona ni ukaidi wako. Na wewe mwambie daktari kilo ulizopungua, maana kukonda lazima sababu yake ijulikane, umuulize pia ukimbie kiasi gani. Kifua kikikubana au ukipata kizunguzungu, simama, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dawa usiruke hata siku moja kwa kujiona una nguvu. Chapati kula moja, umshukuru.

Mkitoka kliniki, mshike mkono umwambie: "Mama, umenifichia siri miaka yote ili niishi. Niache nikimbie, nije nikuzike mimi, usinizike wewe."