Kufungua programe ya Gustave, ni kusema amekufa?

Mama Kyakimwa, redio yako njo tunasikilizaka hapa kazini, unisaidie maana hii mambo inanikula roho. Niko Mariette, nachunga dépôt, ile stoo ya dawa ya kanisa yetu hapa Butembo, na dawa yenye inaendaka ku bacentre de santé, vituo vya afya, ata Masereka na Kyavinyonge, tunaifwata mu ordinateur na programe yenye mwalimu Gustave wa Kisangani alitutungia bure, na mbele aende Beni alinipatia CD yenye iko na maandiko yote yenye yanatunga programe, pamoja na barua ya ruhusa ya kuibadirisha, akasema, "Mariette, hii ni yenu bote, siku itaharibika mufungue, mutengeneze," mais mu njia batu ya bunduki balisimamisha gari yenye alipanda, na tangu ile siku hakuna maiti, hakuna habari. Sasa programe imeanza kudanganya, dawa yenye tarehe imepita inasema ingali muzuri, juzi ilibakia kidogo tu tutume ku centre ya Kayna sirop ya batoto yenye imeharibika. Shemeji yangu Kambere anajua kuitengeneza, lakini mi nakatala, sababu kwetu kintu ya mutu mwenye alipotea haiguswe, ukiifungua ni kusema amekufa, na bibi yake Jeannine angali anamubakishia chakula kila mangaribi. Compagnie moja inataka tuchukue programe yao, ile imefungwa, hatuwezi kuona ndani. Nifanye nini?

Pole sana, Mariette, na pole kwa Jeannine. Mais nitakugombeza. Gustave alikuambia na kinywa yake: mufungue. Kukatala neno yake na kuacha dawa mubaya ifikie batoto, ile njo heshima? Na ile compagnie, siku barabara itafungwa ao yenyewe itahama, nani atakutengenezea?

Leo leo, acheni kuamini ile masini, tarehe ya dawa muisome na macho. Kisha wende kwa Jeannine weye mwenyewe, hapana kutuma mutu. Mwambie yote, umuombe yeye atie CD mu ordinateur na mukono yake, Kambere akiwa pale. Akilia, lia na ye. Masereka nabo mubapatie copie, kazi isibakie tena ku mutu mumoja.

Na ile ruhusa uisome, maana naona uliogopa mbele ya kusoma. Kwa kawaida inaomba kwamba mwenye kubadirisha asitoshe jina ya mwenye alitunga. Donc Kambere aandike yake chini, ya Gustave ibakie juu. Akirudia, ataikuta pale, na atakuta batoto banapata dawa.